Mwalimu Dorica Kaphamtengo na Vitabu Vilivyofungiwa Stoo

Jumanne tarehe 21 Mei 2024, saa nne asubuhi, mimi Yokoniya, mdogo wake Mwalimu Dorica, nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Dada alikuwa amenituma kutoka kitandani hospitalini nikaombe vitabu vyake vitolewe stoo. Ilikuwa mara ya sita. Simu ikalia. Alikuwa mume wake.

"Shemeji, acha vitabu. Njoo. Dada yako ametutoka."

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1979 hapa Chimbalanga, wilaya ya Ntcheu, Malawi, mtoto wa pili kati ya sita wa Bwana Lameki na Bibi Nagama. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akaendelea na sekondari mjini Ntcheu. Huko walikuwa wanafunzi tisa kwa kitabu kimoja cha baiolojia, na nafasi yake ilikuwa upande ambao kitabu kiko kichwa chini. Hadi utu uzima aliweza kusoma maandishi yaliyopinduliwa. Tulimcheka sana kwa hilo. Yeye hakucheka. Mwaka 2001 alihitimu stashahada ya ualimu katika chuo cha Domasi.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Zefaniya Mbalame, aliyekuja kukaa kwetu, kama desturi yetu ilivyo, na kuvumilia meza ya chakula iliyojaa karatasi.

Alifundisha sayansi katika sekondari yetu ya kutwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2017, kwenye semina, alijifunza kwamba wako waandishi wanaoweka vitabu vyao mtandaoni bure, na kutamka katika ukurasa wa pili kwamba yeyote anaruhusiwa kuvichapa, kuvitafsiri, hata kuvibadilisha. Kila Jumamosi alipanda baiskeli ya abiria kufuata mtandao, akavipakua. Kisha akavibadilisha. Palipoandikwa mtoto anateleza kwenye barafu, aliweka baiskeli yenye gunia la viazi ikishuka mteremko wa Tsangano kwenye tope. Darasa lilielewa msuguano siku hiyo hiyo.

"Madamu, huyo wa baiskeli si baba yangu kweli?" mmoja aliuliza, wenzake wakavunjika mbavu.

Alichapa na kushona kwa uzi vitabu arobaini na kimoja. Februari 2022 vilifungiwa stoo.

"Nani kakuruhusu?" mkuu wa shule alimuuliza.

"Mwandishi mwenyewe, bwana mkuu. Ukurasa wa pili."

"Muhuri uko wapi?"

"Hana muhuri. Ameiruhusu dunia nzima."

"Dunia nzima haifanyi kazi hapa, Madamu. Leta barua."

Akamwandikia mwandishi ng'ambo. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: huna haja ya kuniomba ruhusa, tumia tu. Aliipeleka barua hiyo kwa furaha mbele ya kamati ya vitabu. Mwenyekiti aliisoma mara mbili.

"Kama hakuna haja ya ruhusa, basi ruhusa haipo. Na fomu yetu inataka ruhusa."

Faili likafungwa. Nasema haya bila chuki, lakini siwezi kuyaruka, maana ndiyo maisha yake ya miaka miwili ya mwisho.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Aliendelea kusahihisha sura mpya akiwa wodini. Nikimwambia, "Dada, pumzika," alijibu, "Wewe nenda kaulize stoo, nami nitapumzika."

Ameacha mume, watoto wawili, Limbikani na Wezi, mama yetu, na sisi ndugu watano. Bwana mkuu wa shule yuko nasi hapa, na tunamheshimu. Familia inamwomba mbele ya Mungu: vitabu vitolewe. Mtihani wa kidato cha nne uko karibu, na watoto bado wanasoma kichwa chini.

Jana alasiri mwili uliletwa nyumbani. Wanawake wa kanisa walimwosha na kumvika sare ya chama chao. Mama aliketi mkekani kando yake. Wanafunzi walipita mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Mwalimu Zefaniya. Alimfunika uso, akatoka nje, mafundi wakafunga jeneza. Leo, Alhamisi tarehe 23 Mei, tunamlaza kando ya baba.

Bwana ampe pumziko ambalo sisi hatukumpa.