Mama Virginie Kahongya na Dossier Mbili za Bangi

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Mama Virginie Kahongya anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika secrétariat ya parquet yetu, ofisi ya mashtaka. Alianza kama mpiga chapa mwaka 1992, akapanda hadi kuwa mkuu wa secrétariat. Ma-substitut, wanasheria wanaoamua nani ashitakiwe na nani arudi nyumbani, wamepita wengi mbele yake. Wote aliwaita "mwanangu", na wote aliwasahihishia Kifaransa chao bila kuwaaibisha.

Mashine ya kwanza aliyopewa haikuwa na herufi "r". Kwa miezi minane aliziandika zote kwa kalamu, moja moja, na hakuna barua iliyorudishwa. Vita vilipotuhamisha mara mbili, yeye ndiye aliyefunga dossier za kesi kwa vitenge vyake mwenyewe ili mvua isizifikie.

Nilipomwambia kwamba nitamwandikia wasifu huu, alikubali kwa sharti moja: "Uandike na ya Ésaïe. Kama hauiandike, hapana kunisomea kitu mbele ya batu."

Basi naiandika.

Mwaka 2018, Ésaïe Lusenge, mkulima wa upande wa Kalunguta, alikamatwa na bangi kidogo mfukoni, ya kuvuta. Substitut wetu Apollinaire hakuwa mtu mbaya, lakini kwa bangi hakuwa na mjadala: alimweka gerezani asubiri kesi. Wiki ileile binamu wa Ésaïe, Précieux, alikamatwa katika mji unaofuata kwenye barabara yetu, wenye parquet yake, akiwa na kiasi kilekile. Substitut wa kule alimwonya, akamwachilia kabla ya saa sita mchana. Kwa kuwa Précieux alikuwa mkaaji wa eneo letu, nakala ya uamuzi ililetwa kwetu. Mama Virginie aliisoma, akaiweka kwenye tiroir, droo ya meza yake.

Séphora, mke wa Ésaïe, alikuja kumwuliza.

"Mama, Précieux alirudia nyumbani siku ile ile. Bwana yangu juu ya nini hapana? Sheria ya kule ni ingine?"

"Sheria ni moja," Mama Virginie alimjibu. "Ni benye kuisoma ndio habafanane."

Alijua la kufanya, lakini mwaka uliotangulia alikuwa amekaripiwa kwa kutoa maoni juu ya dossier. Aliiacha nakala kwenye tiroir.

Katika wiki ya tatu kijiji cha Ésaïe kilishambuliwa. Watu walikimbia. Baba yake, mzee Kitsa, alikuwa hawezi kutembea, na kila walipokimbia Ésaïe ndiye aliyembeba mgongoni. Safari hii Séphora alikuwa na watoto wawili mikononi. Mzee alibaki, akauawa.

Habari ilipofika, Mama Virginie aliipeleka nakala ile kwa Apollinaire.

"Mama, hii karatasi ilikuwa wapi?"

"Kwa tiroir yangu."

Apollinaire aliisoma mara mbili. Ésaïe aliachiliwa siku hiyohiyo. Alipokuja kuchukua carte yake ya utambulisho, Mama Virginie alimweleza yote bila kujificha. Ésaïe alisikiliza hadi mwisho.

"Ningemubeba, Mama," akasema. "Nilizoea kumubeba."

Tangu siku hiyo, kila mwezi Mama Virginie alipanga maamuzi ya bangi ya parquet zote mbili kwenye ukurasa mmoja na kuyapeleka kwa wakubwa wote wawili, wakitaka wasitake. Mwishowe walikaa pamoja na kukubaliana: mwenye bangi kidogo ya kuvuta aonywe, arudi kwake. Makubaliano hayo yalidumu miaka miwili. Mkubwa mmoja alihamishwa, aliyemfuata hakuyataka, na leo tena inategemea umekamatiwa wapi. Hilo linamuuma Mama Virginie kuliko kuondoka kwenyewe.

Nami nina langu la kusema. Nakala ya Précieux haikuanzia kwa Mama Virginie. Mimi ndiye niliyeipokea na kuipiga muhuri kabla ya kumpa. Nilisoma jina, nikasoma kiasi, na dossier ya Ésaïe ilikuwa mezani pangu. Kwa miaka saba nimemwacha abebe lawama peke yake.

Asante, Mama, kwa kila ulichotufundisha, na hata kwa sharti lako. Nenda ukae na wajukuu, ulime maharagwe yako kwa amani, na Mungu akupe miaka mingi ya usingizi mzuri.

Ananie Sikuli, secrétariat