Nati Alizozikaza Marehemu

Katika treni ya kwenda Roth, mji wa Ujerumani, mzee mmoja aliitazama baiskeli mpya ya jirani yake, Irmtraud, akaguna. “Kesho ni mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio, nawe unabadili baiskeli leo? Nani kakuroga, mama?”

“Ile ya zamani usukani umelegea.”

“Si ukaze nati tu?”

“Fundi alisema lazima azifungue zote kwanza. Alizikaza marehemu mume wangu, wiki ile aliyofariki. Nilishindwa kumruhusu.”

Mzee alilipima tandiko la baiskeli mpya kwa kiganja. “Lakini hii itakuumiza, mwanangu. Tandiko liko juu mno.” Akatoa spana mfukoni, kisha akasita.

“Nati hiyo fungua tu, mzee,” Irmtraud alisema, treni ikisimama. “Hiyo bado haijashikwa na mtu.”