Bata wa Lorna

Benchi la kwa Bernice liko ndani, karibu na dirisha, maana huko Torvik, mji mdogo wa kaskazini, ukikaa kijiweni nje mwezi wa Januari watakuja kukubandua kwa sululu. Duka lake ni la chakula cha mifugo, kona ya barabara kuu, na kahawa ni bure kwa yeyote anayeweza kuivumilia. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa thelathini chini ya sifuri, na waliokaa walikuwa wale wale. Delbert, jina la kijiweni Kipimajoto, hutembea na kipimajoto kwenye mfuko wa shati, na kila akikitoa hutangaza kwamba leo kuna nafuu. Toivo anaitwa Injinia tangu alipotengeneza choo cha kanisa, kikaanza kupiga mluzi wakati wa sala. Verna ni Sweta, hajawahi kuonekana bila sindano za kufumia. Wote walikuwa wanamsubiri Orrin Tveit, yaani Greda, aliyesukuma theluji ya wilaya kwa greda mpaka akastaafu. Greda alikuwa na bata sita bafuni kwake.

Bata hawakuwa wake. Walikuwa wa dada yake, Lorna, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na ambaye hakusemezana naye tangu mazishi ya mama yao, walipogombana juu ya nani alisahau sufuria ya viazi. Miaka ikapita hivyo, kila mmoja na mlango wake. Juma lililotangulia Lorna aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Walipokuwa wanampakia kwenye gari la wagonjwa, Orrin akiwa amesimama pembeni hajui mikono aiweke wapi, dada mtu alimgeukia akasema neno moja:

— Bata.

Mlango ukafungwa, akapelekwa hospitali ya Duluth.

Neno moja, baada ya ukimya wote ule. Orrin alikwenda uani kwa dada yake akawakuta bata wamesimama peku juu ya theluji, na moyo ukamwambia hawa hawamalizi siku. Akawabeba wawili wawili kwapani, akawafungia bafuni, akawasha hita, kisha akaja benchini kuomba ushauri. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wa kwanza alikuwa Kipimajoto. Alieleza kwamba baridi humwingia bata kwa miguu, ikishafika magotini imemaliza kazi. Sweta akafuma soksi, pana kwa mbele kama bahasha. Bata walizivaa, wakaingia nazo kwenye beseni la maji, kisha wakazunguka nyumba nzima wakiburuza sufu iliyolowa, mmoja akimkanyaga mwenzake. Injinia akasema soksi zinagusa ngozi tu, joto halina budi kufika mfupani. Yeye ana sauna uani, kile chumba cha mvuke alichojenga babu yake Mfini, na aliapa kwamba babu huyo aliwahi kumwingiza fahali humo akatoka ameokoka. Wakawaingiza bata. Bata wakahema midomo wazi, na mlango ulipofunguliwa wakatoka mbio wakajitupa kwenye theluji, wakatandaza mabawa na kufumba macho. Orrin na Injinia wakatazamana, wakakubaliana kwamba wamezimia. Wakawaokota mmoja mmoja wakawarudisha kwenye mvuke.

Sasa Orrin aliingia dukani na uso wa msiba. Hakugusa kahawa. Akasema yule dume mnene, aliyempa jina la Askofu kwa sababu ya kitambi na kununa, hajala tangu jana.

— Huyo ana huzuni, alisema Injinia. Bata akiona theluji dirishani, akili inamwambia baridi. Mwekee televisheni aone ufukwe, aone watu wamevaa kaptula.

— Nimemwekea. Ameipa mgongo.

Sweta akapendekeza kofia. Kipimajoto akamnyamazisha kwa kiganja, akakaa sawa kama mtu anayetoa hukumu.

— Greda, tusidanganyane. Baridi hii hatuiwezi. Wapeleke Texas, kwenye jua.

Hakuna aliyecheka. Injinia alianza kupanga jinsi ya kufunga beseni nyuma ya gari lisimwagike kwenye kona, na Sweta akataka kujua kama huko watahitaji soksi nyepesi zaidi. Orrin akasema gari lina mafuta tayari, na begi la nguo liko kwenye kiti. Hakuwa anatania. Siku zile zote alikuwa anajiona amesimama mbele ya kitanda cha Lorna akimwambia kwamba bata wake wamemfia mkononi, na alijua kwamba akisema hivyo, hatasikia neno la pili kutoka kwake mpaka kaburini.

Kando yao alikuwepo mwanamke mgeni, Marisol, msusi aliyehamia mjini hivi karibuni, amekuja kununua chumvi ya kumwaga kwenye barafu ya mlangoni. Alikuwa amesimama na mfuko wake muda wote huo, anasikiliza.

— Samahani, wazee wangu, aliuliza. Huyo dada, miaka yote hiyo, yeye alikuwa anawafanyia nini?

Kipimajoto akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Sweta. Sweta akahesabu nyuzi zake. Kila majira ya baridi Orrin alikuwa anapita mbele ya ule ua, na hakuwahi kugeuka kutazama.

Bernice alisogeza simu ya duka juu ya kaunta.

Orrin akapiga hospitalini, ikaita muda mrefu. Sauti ya Lorna ilipotoka, ilikuwa nzito kwa dawa, na Orrin akauliza swali lile lile la Marisol bila hata salamu.

— Nyasi kavu, nyingi. Maji yasigande. Mahindi jioni. Banda lisipitishe upepo, basi. Umewaweka wapi?

— Bafuni.

— Hita umewasha?

— Ndiyo.

— Orrin, hao wamevaa manyoya. Watoe nje, wanakufa kwa joto.

Benchi zima lilikuwa limeinama kuelekea kwenye simu. Orrin akasema kwa unyonge kwamba Askofu hali chakula.

— Askofu ndiye nani?

— Dume. Yule mnene, mwenye kununa.

Simuni ikasikika sauti ya ajabu. Lorna alikuwa anacheka, na nyonga inamuuma, na anashindwa kuacha.

— Huyo ana jina lake, alisema alipopata pumzi. Anaitwa Orrin. Kila siku anapita mlangoni kwangu na hageuzi shingo.

Orrin akaiegemea kaunta. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

— Nitawarudisha bandani sasa hivi, alisema. Kesho nikupigie, nikwambie wamelalaje?

— Piga jioni, alisema Lorna. Asubuhi wananifundisha kutembea.