Presha ya Macho

"Mama, glakoma haiumi, ndio ubaya wake!" mwanafunzi wa uuguzi alimwambia mshonaji aliyekaa naye kwenye basi. Alikuwa akikariri magonjwa ya macho na masikio, mshonaji akadakia kwamba hiyo presha ya macho anayo, ila matone ameacha kwa kuwa jicho haliumi.

"Mwanangu, bado unakariri, halafu unitibu mimi?"

"Haya, ziba jicho la kulia, tazama mbele. Unamwona mama aliye kushoto kwako?"

Mama huyo ni mimi, niliyekaa kiti cha upande wa pili wa njia, na wembamba sina. Mshonaji aliziba jicho, akatazama mbele.

"Simwoni," alisema polepole. "Na cherehani ndiyo inayotulisha."

Tulikuwa tunakipita kituo cha hospitali.

"Shusha, dereva!" mshonaji alipaza sauti, akashuka.