Kila Kijiji na Kilo Zake: Miaka Ishirini na Saba ya Mama Danford

Tarehe 30 Juni 1999, saa tisa na nusu alasiri, Bi Generosa Kasonso, ambaye sote tunamwita Mama Danford, atakabidhi funguo za Ghala la Mbegu la Umoja, Makanyagio, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Katika faili lake mlikuwa na barua tatu za pongezi na moja ya onyo. Za pongezi atazisoma Meneja. Mimi Yotham, karani wa takwimu, nimeomba kuandika wasifu huu kwa sababu ya ile ya onyo.

Aliajiriwa mwaka 1972 kufagia ghala na kushona midomo ya magunia. Haukupita muda wakubwa wakagundua kwamba mfagiaji wao anajua kilichomo katika kila safu bila kufungua daftari. Wakampeleka kozi Tabora, akarudi karani, na mwaka 1981 akawa mtunza ghala. Familia za Warundi zilipoanza kufyeka mashamba Katumba mwaka 1973, yeye ndiye aliyepanda lori, juu ya magunia, kwenda kuwagawia mbegu. Salamu za Kirundi alijifunzia humo humo njiani, na mpaka leo akisalimia watu Katumba hawaamini kwamba ni Mfipa.

Ana desturi mbili zilizowatoa jasho madereva wetu wote. Kwanza, orodha yake ya vijiji hufuata barabara, kijiji kimoja baada ya kingine kama lori linavyovipitia. Pili, hakuna gunia linalotoka getini kabla mtu wa kijiji husika hajasomewa mstari wake, kidole cha kushoto cha Mama Danford kikiwa kwenye jina la kijiji na cha kulia kwenye kilo. Dereva Gaudensi aliwahi kusema kwamba kufunga ndoa kanisani kunachukua muda mfupi zaidi. Mama Danford akamjibu kwamba ndiyo maana ndoa nyingi zinamrudia padri.

Mwaka 1995 kompyuta iliteremshwa kwenye treni, nami niliyefundishwa kuitumia kwa wiki sita nikaanza kutembea kama bwana harusi. Katika lugha ya hesabu ya mashine hiyo, orodha nzima hupewa jina moja. Ukisema kaya, mashine inakumbuka idadi ya kaya za vijiji vyote kumi na vinane. Ukisema kilo, inakumbuka kila kijiji kimepangiwa kilo ngapi za mbegu kwa kaya moja. Ukiandika kaya, nukta, kinyota, kilo, namba ya kwanza inazidishwa na ya kwanza, ya pili na ya pili, hivyo hivyo mpaka ya mwisho, kufumba na kufumbua.

Siku ya kwanza ya kuwaonyesha wenzangu nilisahau nukta. Mashine ikazidisha, ikajumlisha vyote pamoja na kutoa namba moja ndefu. Mama Danford akaiangalia, akauliza, "Hii ni ya kijiji gani?" Nikamwambia ni ya vyote. "Basi iambie ipakie lori yenyewe." Ghala zima lilicheka, nami nikajifunza kuweka nukta.

Kumbe nukta haikuwa tatizo kubwa. Novemba 1996, baada ya jua kuunguza mahindi ya vijiji kadhaa, tuliamua kwamba waliopoteza kila kitu wapewe kilo kumi kwa kaya, na waliovuna wapewe mbili za kuongezea. Orodha ya kaya niliinakili kwa Mama Danford, kwa mpangilio wa barabara. Ya kilo niliipanga mwenyewe kwa alfabeti, kwa sababu niliona inapendeza. Zote zilikuwa na mistari kumi na minane, kwa hiyo mashine haikulalamika. Haijui majina, inajua nafasi tu. Ivungwe ya Katumba ilikuwa ya tatu barabarani, na ya tatu katika alfabeti yangu ilikuwa Ilembo, iliyovuna vizuri. Kaya 310 za Ivungwe, zilizostahili kilo 3,100, zikaandikiwa 620. Jumla kuu ilikaribiana na mbegu zilizokuwepo, basi hakuna aliyeshtuka.

Asubuhi ya kusafirisha, malori matatu yalikuwa yameshapakiwa na mawingu yameshajikusanya. Kila mtu alijua mvua kubwa ikinyesha barabara ya Katumba haipitiki, na mbegu itakayochelewa itaota magugu yakiwa kiunoni. Mama Danford akafika kwenye mstari wa tatu. Aliyetumwa na Ivungwe alikuwa Libérate, mwenyekiti wa wakulima wanawake, aliyetembea tangu alfajiri. Aliposomewa kilo 620, alizigawa kwa kaya zao 310, kisha akasema, "Mama Danford, kilo mbili ni za watu wamevuna. Nyie mnajua sisi tumekula mpaka mbegu."

Meneja wa wakati huo alisema kompyuta haikosei, malori yaondoke. Mama Danford akafunga ghala na mageti, akafunga funguo kwenye pindo la kanga yake, akasema haondoki mtu mpaka kila kijiji kimekutana na kilo zake. Meneja alifoka, alitishia, mwisho akaagiza kalamu na karatasi ya kuandikia onyo. Mama Danford hakumtazama. Alikuwa anachana boksi la sabuni.

Aliandika majina ya vijiji kwenye vipande kumi na vinane vya boksi, akavipanga sakafuni kwa mstari. Mbele ya kila kipande akaweka punje za mahindi, kumi au mbili, akimuuliza mtu wa kila kijiji aliyekuwepo. Akaniambia nitembee kando ya mstari na karatasi ya mashine mkononi. Nilipofika kipande cha tatu niliona punje kumi, na karatasi yangu inasema mbili. Nilijua ni alfabeti yangu, na sikufungua mdomo. Nilirudi mezani, nikapanga upya orodha ya kilo, na mashine ikatoa majibu yanayolingana na punje za sakafuni.

Tulishusha na kupakia upya kwa mikono, makarani na madereva pamoja, na saa nane mchana malori yakatoka. Siku ya pili yake mvua ilinyesha mpaka daraja likafunikwa. Ivungwe walikuwa wameshapokea, na mwaka ule walivuna.

Ripoti iliandika "hitilafu ya mashine". Barua ya onyo, kwa kuchelewesha usafirishaji na kumkaidi mkuu wa kazi, ikaenda kwa Mama Danford. Akaisaini, akaendelea kuhesabu magunia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikaribia miaka mitatu, na kila asubuhi aliponisalimia niliona aibu. Mwezi uliopita nilimwendea nikakiri. Akasema alijua tangu siku ile, maana katika ghala lote ni mimi peke yangu niliyependa alfabeti. Ila siku ile kazi ilikuwa kuwahi mvua, na kumtafuta mkosaji kungeweza kusubiri. Basi mkosaji nimeacha kumsubirisha. Nimeandika maelezo kwa Meneja wetu wa sasa, naye ameitoa barua ya onyo katika faili la Mama Danford na kuiweka katika langu, mahali pake.

Mama Danford, asante kwa miaka yote hii. Uishi vyema shambani kwako Ilembo, na mvua ikukute kila mwaka umeshapanda. Lakini kwa desturi yako hakuna anayetoka getini bila kusomewa mstari wake. Simama basi usomewe wako: Generosa Kasonso, miaka, ishirini na saba, pongezi, tatu, onyo, hakuna.