Fundi Mkasi na Sauti Iliyoachwa Wazi

Ndugu waombolezaji, majirani na nyote mliofika, familia imenipa mimi, binti mkubwa, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi mlimjua kama Fundi Mkasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1960, akamaliza sekondari mwaka 1971, akasomea ufundi wa kurekodi sauti na kuajiriwa redioni mwaka 1974, ambako alimpata mama yetu, karani wa mapokezi, wakafunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977 na kujaliwa watoto watatu.

Mwaka 1998 alihamia hospitali kuu, kitengo cha utafiti wa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambako wagonjwa walirekodiwa wakizungumza, na baadaye hospitali nyingi zikaweka rekodi zao pamoja mtandaoni, ili mtafiti mwenye kibali, popote alipo, azifungue na kuzichunguza. Kazi ya baba ilikuwa kukata kila jina lililotajwa, kuacha kimya mahali pake, kisha kufuta rekodi ya awali, mgonjwa asije akatambulika, na hapo ndipo alipoitwa Mkasi, ingawa nyumbani hakuweza kumkata mtoto kucha bila kumtoa damu.

Mganga hajigangi. Mwaka 2016 alianza kusahau, akapotea njia ya sokoni aliyoipita miaka nenda rudi, naye, akili ikiwa bado inakuja na kuondoka, akaomba sauti yake iwekwe pamoja na zile nyingine. Katika rekodi zake hafanyi lolote ila kumwita mama kwa jina, akanyamaza kama anayesubiri, akaita tena, na mwanafunzi wake, machozi yakimtoka, akalikata jina hilo kama alivyofundishwa.

Tangu watafiti walipofunguliwa rekodi hizo, mama, akiwa anaanua nguo au anachambua mchele, husimama ghafla na kuitika, abee, hata siku zile baba alipokuwa amelala chumbani bila kusema neno. Tulidhani naye ameanza, lakini daktari alimpima akamkuta mzima kuliko sisi. Siku moja mwanafunzi wa baba alikuja kumjulia hali, kompyuta ya kazini iko magotini, mama akaitika, yule kijana akatazama kioo cha kompyuta, akatuambia kwamba sasa hivi kuna mtafiti wa mbali ameifungua sauti ya mzee. Mama akaendelea kuchambua mchele wake.

Baba alifariki kwa nimonia Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025. Sisi watoto tulitaka kuomba rekodi zifungwe, maana tuliogopa, sioni haya kusema, lakini mama alikataa katakata, akasema wanaotafuta dawa wasinyimwe, na kwamba kwa miaka arobaini na saba yeye hajapata kuitwa na mumewe akakaa kimya, na hataanza leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, wafanyakazi wenzake, na watafiti ambao hatutawajua kamwe, tunaowaomba jambo moja tu, kwamba wakifika kwenye kimya kile wasikiruke, wampe mama nafasi ya kuitika.

Baba, pumzika kwa amani.