Bi. Attracta na Ofisi Iliyohamia Jikoni

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Attracta Devenney anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika idara ya mishahara ya ofisi yetu ya bima, hapa Letterkenny. Aliajiriwa kama karani wa miezi mitatu. Wakubwa wakasahau kumwondoa, naye hakuona sababu ya kuwakumbusha.

Mikononi mwake mishahara haikuchelewa hata theluji ilipofunga barabara. Chai yake ni nyeusi kama lami, na ukimsikiliza yeye, timu ya mpira ya kijijini kwao haijawahi kufungwa kihalali.

Tulipohamishiwa kazi nyumbani wakati wa korona, alimpigia simu kila mmoja wetu kutueleza kwamba tunaweza kudai nafuu ya kodi ya mapato kwa sehemu ya gharama za umeme, intaneti na kupasha nyumba joto. Wengi tuliitikia tu, tukaliacha hapo.

Mimi, Malachy Boner, nilikuwa miongoni mwao. Majira ya baridi ya mwishoni mwa 2022 mafuta ya kupasha nyumba joto yalipanda bei vibaya. Nikawa napasha joto chumba cha mama peke yake, maana mapafu yalikuwa yakimsumbua, na mimi nafanya kazi jikoni na koti mwilini. Attracta akanisikia nikikohoa kwenye simu. Jumamosi akagonga mlango.

"Mbona humu ndani kuna baridi kuliko nje?"

Nikamjibu kwamba mimi siendi kuombaomba serikalini.

"Nani kakwambia uombe? Ofisi imehamia jikoni kwako, na wewe ndiye unayeilipia joto. Kodi ni yako, wanakurudishia. Lete bili hapa."

Mama akaita kutoka chumbani: "Mpe, Malachy, kabla mgeni wa watu hajaganda."

Tulidai ya miaka ya nyuma pia, pamoja na gharama za matibabu ya mama. Hazikuwa pesa za kumtajirisha mtu, ila zilijaza nusu ya tangi la mafuta. Tangu Februari iliyofuata, jikoni nako kukiwa na joto, mama akawa anashinda nami humo, akifuma na kunicheka ninavyowabembeleza wateja. Alifariki mwezi Mei mwaka huo huo.

Attracta, wiki zile za kukaa na mama sitazisahau. Wenzangu nao wana yao ya kukushukuru. Nenda kapumzike, uamke saa uipendayo, na nyumba yako isikose joto wala wageni.